Ajira za mashaka na wenzetu kazini: tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni. Nipo Mbeya, Uyole. Tuzungumze hili bila kuoneana aibu.

Nilikuwa stoo, mkataba wa miezi mitatu mitatu. Mwaka wa pili zikaanza fununu kwamba watu watapunguzwa. Barua hakuna, kikao hakuna, minong'ono tu. Nikawa naamka saa tisa usiku, nakaa jikoni gizani na ule ubaridi wa mwezi wa saba, nimejitanda khanga ya mke wangu, napiga hesabu: kodi, ada, unga. Simu ya bosi ikiita, tumbo linakoroga. Nyumbani sikusema kitu, ila mtoto akiangusha kijiko namfokea.

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa hapo hapo stoo. Hakunishauri chochote. Saa nne alimimina chai, akakata kiazi chake cha kuchemsha katikati, akanipa nusu. "Mdogo wangu, na mimi silali." Nililia pale pale juu ya magunia. Tangu siku hiyo tukawa tunakunywa chai pamoja, kila mmoja anasema alivyoamka. Mkataba uliisha kweli, lakini usingizi ulikuwa umesharudi.

Wewe ulishikwa mkono na nani? Au ulikosa?

Wa Mafinga: Nilikosa. Kwetu kwenye mbao kila mtu alimwogopa mwenzake, tukidhani kuna anayepeleka majina. Tunakula kimya. Moyo ukawa unanienda mbio, nikapima, vipimo safi. Daktari akauliza, "Kazini kukoje?" Sikuwahi kuulizwa hivyo na mtu.

Wa Iringa: Nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi. Kutojua ndiko kunakowamaliza watu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe taarifa, aeleze sababu, ashauriane nao kwanza. Anayelipwa kwa mwezi, notisi haipungui siku 28. Ukiachishwa isivyo haki, una siku 30 kufika CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Niliyaandika kwa kalamu nene nikabandika karibu na bomba la maji. Watu walipiga picha kwa simu, wakaanza kuulizana kwa sauti.

Wa Tukuyu: Mimi bado nimo humo. Mkataba unaisha tarehe 30, sijamwambia mtu. Kesho nitamwambia dada tunayekaa naye kaunta.

Wa Uyole: Mwambie asubuhi, kabla wateja hawajajaa. Ukitoka njoo utuambie.