Tupeane uzoefu: uliyoyafanya wakati wa unga (heroini), ulimweleza nani?

Mtoto wa Makorora
Habari zenu, ndugu zangu. Juzi tukiwa kwenye foleni ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, pale hospitali ya Bombo, Tanga, mwenzetu mmoja alisema kwamba unga ameshauacha, lakini usingizi haujamrudia kwa sababu yapo mambo ambayo hajamwambia mtu yeyote. Maneno hayo yamenikaa moyoni, kwa kuwa katika zile hatua kumi na mbili za kuacha uraibu, daftari langu la hatua ya nne, ya kuandika makosa yangu, limejaa, na hatua ya tano inanitaka nikiri mbele ya Mungu, mbele ya nafsi yangu na mbele ya binadamu mwingine. Hao wawili wa mwanzo nimeshazungumza nao. Mliopita hapo, huyo wa tatu mlimpataje?

Bi Chumbageni
Mdogo wangu, usimchague mama yako. Mimi nilimweleza wangu namna nilivyokuwa nikipata fedha za kete, nikidhani nautua mzigo, kumbe nimemtwika yeye. Presha ilimpanda, na hadi leo nikichelewa kidogo sokoni simu yangu haipumziki.

Kijana wa Pongwe
Tafuta mzee kiziwi, umwage yote, umpe na kahawa.

Asiyeyumba
Naomba niulize bila kumkusudia mtu. Anayekunywa methadoni kila asubuhi amepona nini hata aingie hatua ya tano? Si amebadilisha kilevi tu?

Bi Chumbageni
Kaka, methadoni hunywewa mbele ya muuguzi, kwa kipimo, mara moja kwa siku, ili arosto, yaani maumivu ya kukosa unga, isimrudishe mtu kijiweni. Huduma hiyo ilianza Muhimbili mwaka 2011, na wapo walioitumia wakarejea kazini na majumbani mwao. Aliyetulia kiasi cha kushika kalamu na kuandika aliyowatendea watu, wewe unamzuia kwa lipi?

Ustadhi wa Ngamiani
Asalaam aleykum. Ninahofia jambo jingine. Mtume (S.A.W.) ametuonya dhidi ya mtu anayefanya uovu usiku, Mwenyezi Mungu akamsitiri, kisha asubuhi yeye mwenyewe akaanza kuusimulia. Toba ni baina ya mja na Mola wake. Ikiwa umedhulumu mali ya mtu, mrudishie na umwombe radhi, lakini habari za kumsomea mtu baki daftari zima la madhambi sizioni mahali pake.

Jirani wa Misheni
Shehe wangu, nakuheshimu, lakini kusimulia kwa majigambo si sawa na mgonjwa kumfunulia tabibu kidonda. Sisi Wakatoliki tunakwenda kwenye kitubio, na padri amefungwa asitoe siri hata kama anatishiwa maisha. Nakubaliana nawe kwa upande mmoja: sponsa, yaani mwenzako aliyetangulia kuacha na anayekuongoza kwenye hatua, hafungwi na chochote isipokuwa uungwana wake, kwa hiyo mpime kwanza kwa siri ndogo, kisha usikilize kama itakurudia mtaani.

Baharia wa Sahare
Sikukusudia kuandika, ila mlipotaja daftari nimelikumbuka langu.

Nilikuwa baharia kwenye boti ya mjomba wangu. Usiku mmoja arosto ilinibana, miayo haikatiki, mifupa inauma na tumbo linanikata, nikaifungua mashine ya boti na kumuuzia mtu aliyeivusha kwenda upande wa Pangani. Asubuhi alishukiwa kijana mgeni aliyekuwa akilala bandani kulinda nyavu. Walimpiga pale pale mchangani, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliompiga, maana siku ile asiyenyanyua mkono angetazamwa yeye. Kijana alitoka damu sikioni, akaondoka hata mshahara wake hakuudai.

Sponsa wangu ni fundi cherehani, naye alipita kwenye unga kabla yangu. Alifunga duka baada ya Alasiri, tukakaa kati ya vitambaa, nikamsomea wizi wangu wote na uongo wangu wote, halafu nikalifunga daftari. Akalichukua, akagusa kwa ncha ya mkasi pini mbili za stepla zilizobana kurasa za mwisho, akaniuliza, "Na hizi ulizozishona?" Kisha akanipa wembe wake wa kufumulia.

Nilisoma. Hakunipa pole wala hakunilaani. Aliniuliza tu huyo kijana anaitwa nani, na hapo ndipo nilipotambua kwamba jina lake sikuwahi kulijua. Sote tulikuwa tukimwita Mgeni.

Kijana wa Pongwe
Nafuta utani wangu wa mzee kiziwi.

Bi Chumbageni
Mjomba anajua? Na huyo kijana mlimtafuta?

Baharia wa Sahare
Mjomba nilimweleza nikiwa nimeongozana na fundi. Alitaka thamani ya mashine yake, nami ninamlipa kidogo kidogo. Kijana tunamuulizia hadi leo.

Asiyeyumba
Mwache alipo. Hata hatua ya tisa inakataza kumfidia mtu ikiwa kufanya hivyo kutamdhuru yeye au wengine.

Ustadhi wa Ngamiani
Hapana, ndugu yangu. Hiyo ni haki ya mja, na haianguki kwa kumnong'oneza fundi. Mtu huyu alipigwa na akavunjiwa heshima mbele ya watu, basi asafishwe mbele ya watu hao hao, hata kabla hajapatikana. Baharia, wavuvi waliokuwepo siku ile wameambiwa?

Baharia wa Sahare
Bado, shehe.

Jirani wa Misheni
Ulizia Kigombe na Moa, kwenye madago, kambi za muda za wavuvi. Kijana wa kulinda nyavu haendi mbali na bahari.

Mtoto wa Makorora
Nawashukuru nyote. Mmoja ameniambia pembeni nilichome daftari nikishalisoma, mwingine amesema nilitunze kwa sababu hatua ya nane itanitaka niorodheshe niliowakosea. Nitalitunza kwanza. Baharia, kaka yangu, huyo fundi anapokea mtu mwingine?

Baharia wa Sahare
Anapokea. Nitakutumia namba yake pembeni, lakini usimwendee Idi ikikaribia, kwa sababu siku hizo anashona kanzu za watu hadi usiku wa manane na hatakusikia.