Tupeane uzoefu: marejeleo ya ripoti yalikutesa vipi?

Wakuu, naanza mwenyewe. Ripoti yangu ilihusu wakulima wa korosho Tandahimba na stakabadhi ghalani. Sura zote tano zimepita, msimamizi kagomea marejeleo. APA, mtindo wa kuandika marejeleo, inataka mstari wa kwanza wa kila rejeleo uanze pembeni, inayofuata iingie ndani sentimita 1.27. Mimi kila mwisho wa mstari napiga enta, halafu spesi saba. Kwenye laptopu yangu safi kabisa. Napeleka flashi steshenari hapa Mtwara mjini, kompyuta yao haina fonti yangu, mistari yote ikaruka. "Dar es" huku, "Salaam" kule, peke yake katikati ya karatasi. Na nakala tatu nimeshalipia! Dada wa pale akanicheka, akaniambia nifute kwanza enta zangu. Nimekaa saa nzima nafuta. Kisha akachagua kurasa zote nne, akabonyeza Ctrl na T kwenye Word, mistari ikajipanga yenyewe. Kwisha.

*Mama Wawili, Lindi:* Pole kaka. Mimi kilichoniponza ni majina yetu haya. Mwandishi mmoja, kwenye kitabu jina lake limetangulia, kwenye jarida limetangulia la babu, tena bila koma. Nikamweka mara mbili kwenye orodha kama watu wawili, herufi M na herufi S. Siku ya kutetea naulizwa, "Hawa ni ndugu?" Nikajibu sina hakika. Ukumbi mzima ukacheka, na mimi nikacheka, ningefanyaje.

*Nachingwea Moja:* Siku mbili nimemtafuta mtu aliyeandika ripoti ya Sensa ya 2022. Kumbe ofisi yenyewe ndiyo mwandishi: Ofisi ya Taifa ya Takwimu, basi.

*Kijana wa Msangamkuu:* Msimamizi wangu alikuwa mbishi. APA toleo la 7, la 2019, limeshaondoa mji wa mchapishaji, yeye bado anataka mji kwenye kila kitabu. Nilimwonyesha mwongozo, akanitazama tu. Nikarudi nikaweka miji yote. Nilichokuwa natafuta ni cheti.

*Mama Wawili, Lindi:* Ulifanya la maana. Ukibishana na mwenye kalamu nyekundu utakaa chuoni mpaka uoe.

*Mgeni wa Mikindani:* Mkuu mwanzisha mada, hiyo Ctrl na T nimeijaribu sasa hivi, imeitika. Ila nina kurasa sita za enta na spesi, na kesho saa nne nakabidhi. Ngoja nichemshe chai nianze kufuta.