Mbuzi wadogo wanakula lakini wanazidi kukonda, nianzie wapi?

Mtoa mada: Wakuu, naombeni ushauri. Mbuzi wangu wakubwa wako vizuri, ila walioachishwa kunyonya wananitia hofu. Manyoya yamesimama, mbavu zinahesabika, hawakui. Nimewapa dawa ya minyoo, sioni tofauti. Nirudie dawa au niongeze chakula?

ZiziKongwe: Mkuu, usirudie dawa kabla hujajua unatibu nini. Vuta ngozi ya chini ya jicho utazame utando wa ndani. Ukiwa mweupe, damu imepungua, na mshukiwa wa kwanza ni minyoo ya Haemonchus inayonyonya damu tumboni. Hiyo mara nyingi haiharishi, ndiyo maana wengi hushtuka mnyama ameshaanguka. Papasa na chini ya taya kama kuna uvimbe laini.

Mtoa mada: Utando ni mwekundu, uvimbe hakuna. Ila mikia ni michafu, kinyesi kilaini.

DaktariMifugo: Basi mimi nafikiria koksidia. Ni vimelea vya seli moja vinavyoharibu ukuta wa utumbo, kwa hiyo mnyama anakula lakini chakula hakimjengi. Wakubwa huwa wameshajenga kinga; wadogo ndio huumia, hasa baada ya kuachishwa. Dawa za kawaida za minyoo haziviui.

Hiyo bado ni dhana. Chukua kinyesi moja kwa moja kutoka kwa mnyama, si cha kuokota chini, kwa waliokonda kadhaa na wenye afya wawili watatu. Kiweke kwenye ubaridi, kifike maabara mapema. Mbuzi mwenye afya pia huwa na koksidia kidogo, kwa hiyo majibu yasomwe pamoja na hali ya mnyama. Waombe wahesabu na mayai ya minyoo: yakiwa mengi siku 10 hadi 14 baada ya dawa, ama kipimo cha dawa kilikuwa kidogo ama minyoo imekuwa sugu kwa dawa hiyo. Dawa ulipima kwa uzito wa mbuzi au kwa macho?

Mtoa mada: Kwa macho, daktari.

MamaMalisho: Ndugu yangu, simama pale wanapokula, uangalie mwanzo hadi mwisho. Wadogo wakichanganywa na wakubwa husukumwa, hubaki na mabua. Watenge leo, inua vyombo vya chakula na maji visichafuliwe na kinyesi, matandiko yawe makavu. Koksidia hupenda unyevu.

DaktariMifugo: Namuunga mkono Mama. Na akifa mmoja, usimzike kabla hajapasuliwa na mtaalamu. Utumbo wake unaweza kuwaokoa waliobaki.

Mtoa mada: Asanteni sana. Nawatenga sasa hivi, asubuhi napeleka sampuli.