Naomba ushauri: bawa la popo na bawa la ndege ni homolojia au siyo?

Mzee wa Korosho: Wakuu habari za jioni. Nipo Newala, binti yangu yuko kidato cha nne. Kwenye jaribio la baiolojia ameandika kwamba bawa la popo na la ndege ni homolojia, kawekewa kosa. Mwalimu anasema ni analojia. Binti analia, mama yake ananitazama mimi. Aende kudai maksi au tunyamaze?

Baharia wa Mikindani: Si vinafanana na vyote vinaruka? Basi ni homolojia.

Ticha Masasi: Baharia, kufanana ndiko kunakopoteza watu. Homolojia ni asili moja: kiungo kilichorithiwa kwa babu mmoja, hata kama leo kazi ni tofauti. Chukua bibo na embe. Yote unang'ata, maji yanakutiririka mpaka kwenye kiwiko. Lakini bibo ni kikonyo kilichovimba. Tunda halisi la mkorosho ni ile korosho na ganda lake inayoning'inia chini. Kwa hiyo mwenzake embe ni korosho, siyo bibo. Na hiyo miti ni ukoo mmoja!

Mzee, swali lenyewe lina kasoro. Kama mkono wa mbele, ni homolojia: mfupa mmoja juu, miwili chini yake, kiganja, vidole. Kama bawa, kila mmoja kalipata kivyake. Popo katandaza ngozi kwenye vidole virefu, ndege kaota manyoya. Hapo ni analojia: kazi moja, asili tofauti. Binti asiende kudai, aende kuuliza: "Mwalimu, tunalinganisha mkono au bawa?"

Mmwera Halisi: Naongezea. Ile mifupa ya dinosaria, mijusi wakubwa wa kale, ya Tendaguru, hapa kwetu Lindi, Wajerumani waliichimba 1909 hadi 1913 wakaipeleka Berlin (kurudishwa ni uzi mwingine, nitaufungua nikiwa na hasira). Mfupa wa juu wa mkono wa mjusi mmoja mkubwa wa hapo unazidi mita 2, na ni uleule ulio kati ya bega na kiwiko chako. Richard Owen, mtaalamu Mwingereza wa maumbile ya wanyama, alieleza maana ya homolojia 1843 bila kumtaja babu yeyote. Habari za babu mmoja zilishika baada ya kitabu cha Darwin cha 1859 kuhusu mageuzi ya viumbe.

Ticha Masasi: Mzee, chemsha bawa la kuku, achambue mwenyewe.

Mzee wa Korosho: Tumechemsha. Mfupa mmoja, miwili, na kile kidole kidogo pembeni kakiona. Mdogo wake kakitafuna kabla hajamaliza kuchora.