Wamenipandishia dairekti debiti ya gesi na umeme kutoka £152 mpaka £236, tufanyeje?

MamaNasra_Leicester
Habari zenu wadau, hasa mlioko huku Uingereza. Naombeni ushauri maana hapa ndani tumeshaanza kununiana na baba watoto kisa gesi.

Tupo Leicester, nyumba ya kupanga vyumba vitatu, watu watano, gesi na umeme tunalipa kampuni moja kwa dairekti debiti (DD, wanajikatia wenyewe benki) £152 kila mwezi. Juzi imeingia imeili eti kuanzia Aprili watakuwa wanakata £236. Maelezo yenyewe mistari miwili tu, bei zinapanda na akaunti yenu ina deni la £214, basi. Najua kikomo cha bei cha Ofgem, wale wasimamizi wa gesi na umeme, kinapanda Aprili hii 2025, nimesikia ni asilimia 6 na kitu, sasa jamani asilimia 6 ya 152 ndo iwe pauni 84? Na baridi yote hii tumejibana, hita masaa mawili asubuhi na kidogo jioni watoto wakirudi shule, mimi nashinda na kanga mbili juu ya sweta.

Baba watoto anasema anaingia kwenye apu ya benki anaikata hiyo DD, wakitaka hela yao waje waidai. Mimi naogopa, akaunti iko kwa jina langu na tuna mpango wa kuomba mkopo wa nyumba mbele ya safari. Smati mita (ile inayotuma namba zenyewe kwa kampuni) tunayo ila tangu tubadilishe kampuni kile kiskrini cha jikoni kinaonyesha umeme tu, upande wa gesi ni vistari. Nifanyeje?

KakaMbeya_UK
Pole sana dada. Nyumbani tulikuwa tunailalamikia LUKU lakini angalau ukinunua yuniti unajua umenunua nini, zikiisha giza, hakuna wa kukuandikia imeili. Huku unakatwa kwanza halafu unaelezwa baadaye. Mi namuunga mkono shem, kata.

BintiPwani
Kaka usimpotoshe mwenzio. Ukikata DD deni halifutiki, linabaki pale pale, halafu wanakuhamishia kwenye bei ya wanaolipa bili ikija, na hiyo kikomo chake kiko juu kuliko cha DD, kwa bei za Aprili 2025 ni zaidi ya pauni 100 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida. Ukichelewa kulipa ndo rekodi ya krediti, ile wanayoiangalia ukiomba mkopo, inaanza kuchafuka. Mama Nasra mwambie shem avute subira.

Kwanza uelewe hicho kikomo. Ile £1,849 waliyoitangaza kwa Aprili 2025 sio kwamba bili yako haitazidi hapo, kinachowekewa kikomo ni bei ya yuniti moja (kWh) na ile standingi chaji, yaani ada ya kila siku utumie usitumie. Nyumba ya mfano waliyoipigia hesabu hiyo inatumia yuniti 2,700 za umeme na 11,500 za gesi kwa mwaka. Ukitumia zaidi unalipa zaidi, ukitumia kidogo unalipa kidogo.

Sasa nenda kwenye bili yako ya mwisho, tafuta mahali wameandika umetumia yuniti ngapi kwa mwaka mzima, na uangalie zile namba za mita pembeni yake kumeandikwa nini, wamesoma kweli au ni estimated (wamekadiria tu). Nadhani shida iko hapo. Rudi na namba.

MzeeWaBoila
Wanangu hamjambo. Nafanya kazi hizi za mabomba na boila miaka mingi huku. Binti kasema kweli kuhusu makadirio, mita ya gesi ikipoteza mawasiliano kampuni inabuni, na kipindi cha baridi inabuni kwa ukarimu mkubwa.

Mama Nasra, chukua tochi nenda kwenye mita ya gesi yenyewe, wengi iko chini ya ngazi au kwenye kiboksi nje. Kama ni smati utabonyeza kitufe mpaka itokee namba inayofuatiwa na m3 (mita za ujazo), unachukua tarakimu za kabla ya nukta tu. Za baada ya nukta, au zile nyekundu kwenye mita za zamani, achana nazo, kuna watu wanazituma zote wanaletewa bili ya kiwanda. Na hakikisha bili nayo inasema m3. Mita za zamani zinapima kwa futi za ujazo, na futi hizo 100 ni kama m3 2.83, kwa hiyo wakiichanganya mita yako na ya futi unatozwa karibu mara tatu. Nimekutana nayo zaidi ya nyumba moja.

Piga picha, tarakimu na namba ya mita zionekane.

MamaNasra_Leicester
Shikamoo mzee. Nimerudi.

Umeme wamesoma kweli, mwaka mzima yuniti 3,100. Gesi wameandika 11,000 ila namba za mita tangu Novemba zote ni estimated!!! Ya mwisho wamekadiria 4,812. Mimi nimesoma sasa hivi na tochi mdomoni, mita inasema 4,655. Na ni m3 kote kote.

BintiPwani
Unaona sasa. Tofauti ni m3 157. Kila m3 ya gesi inakuwa kama yuniti 11.2, kwa hiyo hapo wamekuandikia yuniti kama 1,750 ambazo hamjazitumia, na bei ya hii baridi ilikuwa peni 6 na kitu, hiyo ni kama £110. Deni la 214 linashuka mpaka 104 hivi kwa kutuma namba ya mita tu.

Halafu piga ya mwaka ujao kwa bei za Aprili. Umeme peni 27 mara 3,100 ni £837. Gesi peni 7 mara 11,000 ni £770 (na hiyo 11,000 yenyewe huenda ni kubwa kwa vile makadirio yamo ndani). Standingi chaji mbili pamoja kama peni 86 kwa siku, mwaka £316. Jumla £1,923, gawa kwa 12 ni £160. Lile deni la 104 litawanye miezi 12 unaongeza kama £9. Kwa hiyo kupanda mtapanda, hilo shem alijue, ila ni £169, sio 236.

Na kuwa na deni dogo mwezi wa tatu sio kosa lenu. DD ya kulingana kila mwezi ndo ilivyo, kiangazi unalipa kuliko unachotumia inajikusanya, baridi inaliwa yote. Deni kubwa ungelikuta mwezi wa kumi ndo ungeshtuka.

Waandikie, usipige simu, ili ubaki na ushahidi. Ofgem wanawataka wapange DD kwa taarifa sahihi na za karibuni walizonazo na wakueleze wamefikaje kwenye hiyo namba. Waambie hii ni namba yangu ya mita na picha, hii ni hesabu yangu, nataka £170, na kama mnakataa nionyesheni yenu. Sema wazi kwamba ni malalamiko rasmi, maana zikipita wiki 8 bila ufumbuzi unaenda Energy Ombudsman, msuluhishi wa malalamiko ya gesi na umeme, bure.

Juma_Barking
Mi nawauliza nyie wote, kwa nini mnang'ang'ania DD ya kulingana? Kuna DD ya kulipa ulichotumia mwezi huo tu, ukiiomba kampuni nyingi wanakupa, na wala hukai na hela yako imelala kwao. 2022 vita vya Ukraine vilipoanza na bei zikaruka, mimi nilikuwa na mamia ya pauni niliyowazidishia kwao na bado wakaniongezea DD, nikaidai yote wakarudisha. Ni haki yako kuidai muda wowote, wakikataa watoe sababu ya maana.

BintiPwani
Juma hiyo inafaa mtu kama wewe uko peke yako na mshahara haupungui. Kwa familia ya watu watano Januari inakuja bili ya £300 na ushee, mwezi huo huo ambao hela yote imeishia Desemba. Agosti unacheka, Januari unakopa.

Juma_Barking
Si unaweka akiba mwenyewe.

BintiPwani
Haya, akiba.

Mkongomani_Bolton
Mama, pole. Miye niko na mita ya kulipia mbele, naweza kukuambia woga wako uko na maana, lakini usiogope kupita. Zamani walikuwa wanaingia nyumbani na karatasi ya korti, wanaweka ile mita kwa nguvu, ao smati mita wanaibadilisha toka mbali bila hata kufika. 2023 hiyo ilisimamishwa, na ilipofunguliwa tena waliweka masharti makali, kama uko na mtoto mudogo ao mugonjwa hawawezi kufanya vile wanapenda. Na kama deni linakushinda, wako na lazima ya kukupangia malipo kufuatana na uwezo wako, waambie ya kuingia na ya kutoka nyumbani, yote. Citizens Advice, shirika la kutoa ushauri bure, wanasaidia hata kuandika barua.

MzeeWaBoila
Neno moja la kazi yangu halafu nawaacha. Kama boila lenu ni kombi, halina tangi la maji ya moto, angalieni joto la maji yanayokwenda kwenye redieta. Mafundi wengi wanaliacha 75 au 80. Shusha mpaka 60, nyumba itachelewa kidogo kupata moto lakini boila linakula gesi kidogo. Ni ile alama ya redieta, sio ya bomba. Kama lina tangi usiguse kabla hujamuuliza fundi wa Gas Safe (aliyesajiliwa kwa kazi za gesi).

MamaNasra_Leicester
Mrejesho wadau. Nimeandika kama Binti alivyosema, siku ya kwanza wakanijibu kwa yale majibu ya mashine, "tunaelewa wasiwasi wako", nikawarudishia ile ile na picha. Leo wamejibu, deni sasa £103, DD wamekubali £171, na wanatuma mtu wa kuangalia mita ya gesi bila malipo. Baba watoto anasema £171 bado ni wizi lakini apu ya benki ameiacha.

Swali la mwisho, wananishawishi niingie mkataba wa bei isiyobadilika mwaka mmoja, nikubali?

BintiPwani
Linganisha bei ya yuniti na standingi chaji yao na hizi za Aprili, usiangalie ile ya mwezi wanayokutajia. Ikiwa chini ya kikomo ni nzuri, ila uliza ukitoka katikati wanakutoza shilingi ngapi, maana mnapanga, mwenye nyumba akitaka nyumba yake je.

Na nyie wengine ambao mita zenu hazijitumi zenyewe, bei mpya ni tarehe 1 Aprili, tumeni namba za mita tarehe 31 Machi jioni. Usipotuma wanakadiria, na yuniti za Machi zinaweza kuangukia kwenye bei ya Aprili.

KakaMbeya_UK
Tovuti yao ikizidiwa siku hiyo je? Mwaka jana ilinigomea usiku mzima.

BintiPwani
Piga picha simu iweke tarehe, utume hata kesho yake. Na wewe ulikuwa unamwambia mwenzio akate.