Kitako cha shotigani ya babu kimepasuka shingoni: nikitengeneze au nichongeshe kipya?

Mjukuu wa Mufindi:
Shikamooni wazee, na mafundi wenzangu habari za kazi. Familia imenikabidhi shotigani ya mitutu miwili iliyolala sambamba, kazi ya Birmingham, Uingereza, ambayo marehemu babu aliitumia kulinda shamba la mahindi dhidi ya nguruwe na nyani. Leseni imeshatoka kwa jina langu baada ya safari nyingi za polisi, kwa hiyo upande huo sina wasiwasi. Kinachonisumbua ni kitako. Ni cha mti wa mjozi, kimekuwa cheusi pale kinapokutana na chuma, na shingoni kuna ufa wa mshazari wa kama sentimita 7, ambao ukiukunja kidogo kwa mikono unafumbuka na kutoa mafuta. Zamani mtu aliupigilia misumari miwili midogo na kuuzungushia waya wa shaba. Fundi samani wa mjini ananishauri nikitupe, anichongee kingine cha mpingo ambacho anasema hakitavunjika kamwe. Roho yangu inasita. Nifanyeje?

Fundi Mstaafu, Arusha:
Marahaba mwanangu. Kabla ya yote fungua bunduki, hakikisha matundu yote mawili hayana risasi, ndipo uishike kama mbao.

Hayo mafuta unayoyaona ndiyo ugonjwa wenyewe, na ufa ni dalili tu. Kwa miaka mingi bunduki imepakwa mafuta kupita kiasi kisha ikasimamishwa kabatini mtutu ukitazama juu, na mafuta yakateremka polepole hadi kwenye mbao iliyo nyuma ya mtambo (sehemu ya chuma yenye kifyatulio), yakailainisha. Mbao ikilainika, skrubu inayofunga kitako na mtambo hulegea, na kila unapofyatua, chuma hurudi nyuma na kuigonga mbao kama nyundo. Ukiunga ufa bila kuyatoa mafuta, gundi haitashika, na hata ikishika utapasuka tena pembeni yake.

Ng'oa waya na misumari kwa subira. Fungua skrubu kwa bisibisi uliyoinoa kwa tupa mpaka ijae sawasawa kwenye mfereji wake, kwa sababu mifereji ya skrubu za Kiingereza za zamani ni myembamba mno na bisibisi ya dukani itaichana. Kisha koroga unga wa chaki na asetoni uwe uji mzito, upake sehemu nyeusi, uache ukauke. Unga utageuka rangi ya chai kwa mafuta uliyoyavuta. Ukung'ute na upake tena. Mimi nimewahi kurudia mara tisa kwa kitako kimoja. Fanya nje ya nyumba, mbali na moto na sigara.

Mbao ikiwa kavu, fumbua ufa kidogo, ingiza gundi ya epoksi inayokauka polepole, kisha uubane kwa kuuzungushia vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli uliovutwa sana, kwa kuwa shingo ni ya mviringo na jiliwa litaikwaruza. Iache siku nzima. Baada ya hapo toboa kutoka upande wa ndani, mahali panapofunikwa na chuma, upitishe kijiti cha shaba kinachokatiza ufa, nacho ukigandishe kwa gundi ileile. Nje hapataonekana kitu isipokuwa mstari mwembamba.

Seremala wa Nakuru:
Namheshimu mzee, ila naomba tusimpe kijana matumaini ya bure. Achukue ukucha wa kidole gumba aubonyeze pale penye weusi. Mbao ikibonyea kama sabuni, hiyo imekwisha oza na hakuna gundi itakayoifufua. Hapo ni kuchonga kipya.

Ila mpingo hapana. Mpingo huzama majini, ni mzito karibu mara mbili ya mjozi, kwa hiyo bunduki italemea nyuma na kukataa kukaa begani. Tena ukikauka vibaya hupasuka wenyewe. Ningechagua mninga uliokaushwa miaka kadhaa, kwa kuwa uzito wake unakaribiana na mjozi na hauvimbi wala kusinyaa sana msimu ukibadilika. Nyuzi zipite moja kwa moja shingoni. Mapambo ya asili ya mbao, yaani nyuzi zilizopindapinda, yabaki nyuma, kwenye sehemu ya begani. Ili chuma kikae barabara, kiwekee masizi ya kibatari, kibonyeze mahali pake, kitoe, ukwangue kwa patasi palipoweka weusi tu, kisha urudie. Kazi hiyo ni ya siku nyingi, na anayekuambia ataimaliza kwa alasiri moja mkimbie. Hicho kitako cha zamani usikitupe, kwa sababu ndicho kipimo cha urefu na mteremko.

Bi Mkubwa wa Tanga:
Mnajadili kitako na hakuna aliyeuliza habari za mtutu. Mwanangu, tazama kama chuma cha mitutu kina michirizi kama ya mkeka. Ikiwa ndivyo, huenda ni mitutu ya Dameski, iliyosukwa kwa vipande vya chuma laini na feleji, na mingi ya aina hiyo ilipimwa kwa baruti nyeusi tu, kwa hiyo huenda isihimili risasi za kisasa. Bunduki nyingi za Kiingereza za zamani pia zina chemba (tundu la kuwekea risasi) ya milimita 65, ilhali risasi za siku hizi nyingi ni za milimita 70. Mwenye leseni ya ufundi wa silaha asome mihuri ya ukaguzi iliyo chini ya mitutu kabla hujafyatua hata moja.

Mjukuu wa Mufindi:
Ahsanteni sana wazee wangu. Nimebonyeza kwa ukucha: haikubonyea, isipokuwa eneo dogo kama shilingi chini ya kinga ya kifyatulio. Skrubu ya nyuma nilipoigusa ilizunguka kwa vidole vyangu bila bisibisi. Mitutu ina michirizi kweli, Bi Mkubwa, kwa hiyo fundi mwenye leseni ataitazama kwanza. Asetoni nimekwisha nunua lita 1, na chaki naianza Jumamosi.

Fundi Mstaafu, Arusha:
Hilo eneo dogo likwangue lote, upandikize kipande cha mjozi chenye nyuzi za kuelekea upande uleule. Na matambara utakayopakia mafuta ya kitani mwishoni yaanike yakiwa yametandazwa, usiyakunjie kwenye ndoo, maana hushika moto yenyewe.