Kiwanja kimoja, mitaa miwili: tugawane vipi kabla hatujaumizana?

KatibuWaKiwanja:
Habari za wakati huu, wanajamvi. Naomba mnisome mpaka mwisho, jambo hili limeninyima usingizi wiki nzima.

Mimi ni katibu wa kamati ya kiwanja mtaani kwetu. Kiwanja kiko mpakani, upande mmoja sisi, upande wa pili mtaa jirani. Miaka 8 iliyopita palikuwa kichaka na lundo la taka. Vijana wetu ndio waliofyeka, wakang'oa visiki, wakasawazisha kwa majembe na toroli, wakasimamisha magoli. Jirani walikuja baadaye kuomba mechi ya kirafiki, tukafurahi. Siku hizi wao wana timu nne, sisi mbili, na ukifika saa 11 jioni unakuta wameshapanga koni uwanja mzima.

Jumamosi iliyopita mabinti wetu, wa miaka 12 mpaka 15, walikuwa mazoezini. Timu ya wakubwa ya jirani ikaingia tu, wakaanza kupasha misuli katikati yao. Mwalimu wa mabinti alipouliza, akajibiwa kwamba kiwanja hakina jina la mtu. Vijana wetu wakaja juu, mawe yakaokotwa. Hayakurushwa, namshukuru Mungu. Lakini mazoezi yaliyofuata walikuja mabinti wanne kati ya 19.

Kikaoni wengi wanataka tuzungushe uzio, tuweke lango, ufunguo ukae kwetu. Moyo wangu unakataa ila sina hoja ya kuwajibu. Nishaurini wakuu.

KipengaChaJioni:
Pole sana katibu. Swali moja kabla ya yote: kwenye karatasi, ardhi hiyo ni ya nani?

KatibuWaKiwanja:
Ni eneo la wazi la umma, mkuu. Kwenye ramani mstari wa mpaka unapita ndani ya kiwanja, karibu na goli la kusini. Hakuna mtaa wenye hati.

KipengaChaJioni:
Basi uzio usahau. Mtakuwa mmefungia mali ya umma, na siku jirani wakienda kushtaki, miaka yenu 8 ya jasho itasomwa kama uvamizi. Nimechezesha mechi za mitaani muda mrefu, na nimeshuhudia kiwanja kilichofungwa kwa kufuli. Haikuchukua muda nyavu zikakatwa, mwamba wa goli ukang'olewa usiku, na hakuna aliyeona kitu kwa sababu nusu ya majirani walishaona hakiwahusu.

BekiTatu:
Mimi napinga kidogo. Jasho lina heshima yake. Hawa walifyeka wenyewe, wengine wakaja kukuta pameshang'aa. Mkianza kugawana nusu kwa nusu leo, aliyeshika jembe na aliyekuja na viatu tu wanakuwa sawa, na kesho hakuna atakayejitolea tena.

MtunzaNyasi:
Ninyi mnagombania saa, mimi naona kiwanja chenyewe kinakufa. Timu sita zikikanyaga nyasi za asili kila jioni, mwanzo utaona upara mbele ya magoli na kwenye duara la kati. Kisha udongo unashindiliwa, maji hayanywei, mvua ikinyesha panakuwa bwawa na jua likiwaka panakuwa kama saruji. Kucheza udongo ukiwa umelowa mara moja tu kunaweza kuharibu kuliko wiki nzima ya kucheza pakavu. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya mitaa yote miwili iwe hii: maji yakituama, hakuna anayeingia. Na kuwe na siku moja ya kupumzisha kila wiki.

Jambo la pili ni nafasi. Uwanja kamili wa mita 105 kwa 68 unapotumiwa na watoto 14, nafasi nyingi inabaki bure. Geuzeni viwanja vya watoto vikae kwa upana. Kiwanja cha saba kwa saba cha mita 55 kwa 37 kinaingia mara mbili na nafasi ya kupita inabaki. Hapo mtaa huu na mtaa ule wanafanya mazoezi saa ileile bila kugusana, na eneo la mbele ya magoli makubwa linapumua.

Nisisitize hili kwa sababu linaua: magoli ya kuhamishika yafungwe chini kwa vigingi au yakandamizwe kwa mifuko ya mchanga. Watoto wamepoteza maisha kwa kuangukiwa na goli la chuma. Na mistari msichore kwa chokaa ya ujenzi, inaunguza ngozi na macho ya mchezaji akianguka. Tumieni rangi ya maji.

MamaMlezi:
Kaka katibu, nafundisha mabinti mpira wa pete na wa miguu, kwa hiyo nitasema wazi. Umelieleza kama ugomvi wa mitaa miwili. Ila waliopoteza kiwanja Jumamosi si mtaa, ni mabinti. Nakuuliza kwa upendo: saa yao ilikuwa imeandikwa mahali popote? Na wakubwa wa mtaa wenu hawajawahi kuwasogeza pembeni?

KatibuWaKiwanja:
Dada, umenishika. Haikuandikwa. Na mwaka jana wakubwa wetu wenyewe waliwaondoa mara mbili ili wajiandae na mechi. Nilikuwepo na sikusema neno.

MamaMlezi:
Asante kwa kusema ukweli. Basi msigawe kiwanja kwa mitaa. Mkisema Jumatatu yetu, Jumanne yenu, kila upande utawapa wakubwa wake siku yote na watoto watabaki kuokota mipira. Gaweni kwa makundi: watoto, mabinti, wakubwa, wazee wa mazoezi ya kutembea. Saa ya kwanza kuandikwa iwe ya asiyeweza kujipigania. Mabinti wapate saa 10 mpaka 11 na nusu jioni ili warudi nyumbani kukiwa na mwanga. Na wawe mabinti wa mitaa yote miwili pamoja. Siku binti wa jirani atakapokuwa ndani ya kundi lile, kaka yake hataingia na koni.

Kama kuna kona iliyobaki, uwanja wa pete unahitaji mita 30.5 kwa 15.25 tu. Wa wavu ni 18 kwa 9.

MzeeWaBaraza:
Wanangu, kuna mama mmoja msomi wa Marekani, Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2009, mwanamke wa kwanza kuipata. Alichunguza jinsi watu wanavyotumia kwa pamoja mifereji ya umwagiliaji, misitu na maeneo ya uvuvi. Aliona kwamba wanaodumu kwa miaka mingi ni wale waliotunga kanuni zao wenyewe, wakachagua wasimamizi kati yao, na wakaweka adhabu inayoanza ndogo na kupanda taratibu.

Kwenu nionavyo mimi: kamati moja, watu sawa kutoka kila mtaa, na viti visivyopungua viwili kwa mabinti na walimu wao. Timu ikivunja ratiba, kwanza onyo. Ikirudia, inapoteza saa yake moja, na saa hiyo anapewa aliyeonewa. Ugomvi usuluhishwe palepale kiwanjani siku hiyohiyo, kabla haujalala.

Mwanangu BekiTatu, hoja yako ni ya haki. Jasho lilipwe kwa jasho. Jirani wabebe kazi ya msimu huu: kufyeka, kufukia mashimo, kushona nyavu. Uenyekiti wa kwanza ubaki kwa walioanzisha, kisha uzunguke kila mwaka.

BekiTatu:
Shikamoo mzee. Hapo nimeridhika.

KatibuWaKiwanja:
Narudi na mrejesho, siku tisa baadaye.

Tulikutana chini ya goli la kusini, pale mstari wa mpaka unapopita, watu 22. Nilianza kwa kuwaomba radhi mabinti mbele ya wote kwa yale ya mwaka jana. Sikuwa nimepanga maneno. Baada yangu, nahodha wa ile timu ya jirani akasimama, naye akawaomba radhi. Uzio haukutajwa tena. Kamati ya watu 10 imeundwa, na ratiba ya makundi imebandikwa kwenye ubao.

Jirani wamekubali kazi ya msimu huu na Jumapili walikuja 30 na majembe. Walichokataa ni Jumatatu kuwa siku ya kupumzisha nyasi, kwa sababu wakubwa wao wana nafasi siku hiyo tu. Hilo bado linaniumiza kichwa. MtunzaNyasi, je, nikiwapa Jumatatu upande wa kaskazini peke yake na kuhamisha magoli kila baada ya wiki mbili, nyasi zitapona?

Jana walikuja mabinti 15. Wanne ni wa mtaa wa jirani.

MtunzaNyasi:
Zitapona, ila polepole. Anza na mbele ya magoli, chimbua udongo kidogo kwa uma wa shamba kabla ya mvua, kisha pandikiza vipande vya nyasi kutoka pembezoni. Nitumie picha ya upara ulipo, nikuoneshe pa kuanzia.